Reli Juu ya Chumvi

Jumamosi, 1 Juni 1996

Natoboa bado. Tangu asubuhi. Kibao cha breki nimekitoboa mpaka kimekuwa chekeche. Kishikio cha betri pia. Stendi nimeing'oa nikaitupa. Pikipiki ya mbio haina haja ya kusimama.

Amirali amekuja na chai, akaangalia vipande vya chuma sakafuni, akasema, "Fundi, ukimaliza, hii kitu itapaa." Nikamwambia ndiyo maana yake.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alitufundisha kuandika kama vile atakayesoma ni mgeni hajui kitu. Basi. Amirali ndiye mwenye gereji hii, hapa North York, Toronto. Zamani Nairobi alikuwa na duka la spea Kirinyaga Road na mimi nilikuwa fundi wake. Fundi namba moja. Sisemi mimi, watu walisema. Pikipiki ni yetu wawili. Paa ni lake, injini ni yangu. Ni ya Kijapani, silinda nne, ililetwa imegongwa mbele na mwenyewe hakurudi kuichukua. Nimeifungia tabo. Tabo ni ile konokono ya chuma inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na injini inapata wazimu. Konokono yenyewe niliitoa kwenye gari dogo lililokufa.

Kule Utah, Marekani, kuna uwanja wa chumvi. Mweupe, bapa, huoni mwisho wake. Mwezi wa nane watu hupeleka magari na pikipiki kuona nani ana kasi gani. Unakimbia peke yako, unapimwa na mashine. Mimi nataka maili mia mbili kwa saa. Mwaka jana tulikwenda, nikazikosa. Si mia na tisini na tisa. Mia mbili.

Nina miaka sitini na nane. Macho mazima. Meno mazima isipokuwa mawili.

Jumatano, 5 Juni

Tumegombana. Ugomvi ni ule ule. Amirali anasema pikipiki imekuwa nyepesi mno. Amesoma kwenye majarida yake kwamba kwenye chumvi watu huongeza uzito nyuma ili gurudumu lishike chini. Nikamuuliza, kabla ya mwaka jana wewe ulikuwa umewahi kukanyaga chumvi? Wewe umekanyaga zulia.

Mimi nimekaa Magadi, kule Kenya. Nilikuwa fundi wa pikipiki za wasimamizi wa kiwanda. Ziwa lote pale limeganda, juu gamba jeupe la magadi, chini maji machungu ya moto. Nilikuwa nakata ziwa kwa pikipiki wenzangu wanazunguka kwa barabara. Najua kitu kimoja ambacho majarida hayajui. Gamba linabeba kitu chepesi. Kizito linameza. Niliona trekta imemezwa mpaka kwenye kiti, dereva amesimama juu ya boneti anamwita mama yake.

Ndiyo, mwaka jana kule Utah gurudumu la nyuma lilizunguka bure. Hiyo ilikuwa klachi. Klachi nimeshabadilisha. Amirali anasema haikuwa klachi. Amirali aliuza spea, hakuzifunga.

Kesho natoboa vishikio vya miguu.

Jumapili, 16 Juni

Ndunge alikaa kimya ndani ya gari kutoka kanisani mpaka nyumbani Malvern. Akinyamaza hivyo najua kuna jambo. Ndunge ni binti yangu, nakaa kwake. Kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Kila jioni anarudi na habari ya nyonga iliyovunjika.

Baada ya chakula akafungua mdomo. "Baba, mwaka jana ulisema mara moja tu. Sasa ni mara ngapi?"

Nikasema mpaka mia mbili.

"Na ukishapata mia mbili utataka ngapi?"

Nikasema kwanza nitataka chapati. Mjukuu akacheka. Mama yake akamtazama, akaacha.

Akasema kutwa nzima anaosha wazee wa watu. Hataki kuja kuniosha mimi, baba yake, nikiwa siwezi kugeuza shingo. Alisema polepole. Afadhali angepiga kelele.

Nikamshika mkono tukashuka chini ya nyumba, kwenye benchi yangu. Hapo kuna kipande changu cha reli. Ndicho fuawe yangu, kila kitu nakipigilia juu yake. Ni reli ya treni ya Magadi kweli. Walibadilisha njia wakaitupa kando, nikaiomba. Bado ina matundu yake mawili ya bolti mwishoni, pale reli mbili zinapoungwa. Siku ya kuja Kanada nilikuja nayo. Uwanja wa ndege wakapima, wakasema mzee, chagua, chuma au nguo. Nikachagua. Ndunge alinipokea Toronto kwenye theluji nimevaa shati la mikono mifupi na nimekumbatia reli. Mpaka leo anawasimulia watu wa kanisa.

Baba yangu alikuwa mfua vyuma, Ukambani. Kwake mtu akitaka kuaminiwa alishika fuawe akaapa, na kiapo hicho hakirudi nyuma. Basi nimeshika reli. Nimeapa nisipopita mia mbili mwaka huu sipandi pikipiki tena, hata ya tarishi. Ndunge naye akaweka mkono. Akaapa nikipita, hatasema neno moja juu ya pikipiki mpaka nizikwe.

Tukapanda juu. Chai ilikuwa imepoa.

Nimeapa. Sasa si mchezo.

Jumanne, 2 Julai

Imewaka. Teke la kwanza, yaani kitufe cha kwanza. Kioo cha ofisi kilitetemeka, kalenda ikaanguka ukutani. Jirani anayeuza mazulia akaja kuchungulia na mikono masikioni. Nikaweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, nikasikiliza silinda moja moja. Nne zote zinaimba. Tabo ikaanza kupiga filimbi yake. Nywele za mkono zilisimama.

Hakuna fundi mwingine mji huu angefanya hivi. Nimemwambia Amirali. Akasema, "Ndiyo, wengine wote wana akili."

Ijumaa, 19 Julai

Nimefanya mazoezi ya kulala juu ya tangi. Kidevu chini, viwiko ndani, magoti yamekunjwa. Goti la kulia linakataa. Nimelilazimisha. Kushuka imebidi nishike benchi. Amirali alikuwa kwenye simu, hakuona.

Jumapili, 11 Agosti

Tunaondoka leo, gari la mizigo la Amirali, pikipiki nyuma. Nimepakia vifaa. Nimepakia reli.

Amirali akasimama mbele ya mlango wa gari. "Wewe umetoboa pikipiki yote ipungue uzito, halafu unapakia treni?" Nikamwambia nitakuwa nakunja na kunyoosha vyuma huko jangwani juu ya nini, juu ya kichwa chake? Akaondoka mlangoni.

Ndunge ametupatia unga wa ugali, sukuma wiki ya kukaushwa, na dawa ya maumivu. Hakusema lolote la pikipiki. Alinifunga vifungo vya koti kama mtoto. Joto lote hili, koti. Nimekubali.

Mpakani Detroit afisa aliuliza reli ni ya nini. Amirali akasema ni mto wa kulalia wa mzee. Afisa alitutazama sana. Akatupitisha.

Jumatano, 14 Agosti

Tumefika. Ni mara ya pili na bado sina maneno, na mimi huwa nayo.

Nyeupe mpaka mbinguni. Milima inaelea. Jua linapiga kutoka juu na kutoka chini. Wazungu wamejipaka krimu mpaka ndani ya pua. Mimi nimecheka, nikawaambia ngozi hii ilitengenezwa kiwandani kwa kazi hii. Saa za jioni mdomo wa chini umepasuka.

Nimevua kiatu nikapiga gamba kwa kisigino, kama Magadi. Gumu. Lakini chini yake nimesikia ubaridi, unyevu. Nikamwambia Amirali, unaona? Iko maji chini. Kitu kizito kingezama.

Akanyoosha kidole. Mbele yetu lori kubwa la kusawazisha njia lilikuwa linapita, tani na tani, linaburuta chuma nyuma. Halikuzama hata kidogo.

Nikasema hilo lina magurudumu mapana.

Alhamisi, 15 Agosti

Mbio ya kwanza.

Wakaguzi wameipitisha. Mkaguzi ni mama mmoja mwenye kofia ya majani, mikono kama ya mwanamume, anashika kila nati mwenyewe. Alitazama matundu yangu muda mrefu. Aliuliza kitu, Amirali akajibu, sijui walisema nini. Akatupatia stika ya kukubaliwa.

Njia ni ndefu. Unaanza taratibu, unajenga kasi, halafu unaingia maili ya kupimiwa ambayo ina macho ya umeme mwanzo na mwisho. Ukitoka wanakupa karatasi yenye namba. Kwenye saa ya mizunguko ya injini Amirali amebandika alama nyekundu. Mshale ukifika hapo gia ya mwisho, hiyo ni mia mbili kwa hesabu yake.

Niliondoka vizuri. Gia ya tatu tabo ikashika, nikahisi mtu amenisukuma mgongoni. Gia ya mwisho, mshale ukapanda. Ukafika alama. Ukapita alama! Nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Nyuma pikipiki ilikuwa inateleza kidogo, inatikisa mkia kama samaki. Nikasema hiyo ni kasi, kasi iko hivyo.

Nilipotoka niliinua mkono juu. Nikamkumbatia Amirali. Nikawaambia watu wa hema la jirani, mia mbili na kumi. Wakapiga makofi. Mmoja akanipa soda.

Karatasi ikaja. Mia moja sabini na tisa.

Nikasema mashine yao imeharibika. Amirali akanipeleka kwenye njia yenyewe. Alama ya gurudumu la mbele ilikuwa hafifu. Ya nyuma ilikuwa mfereji, chumvi imesagwa unga, mwanzo mpaka mwisho.

"Gurudumu lilikimbia mia mbili, Fundi," alisema. "Wewe hukuenda nalo."

Soda nimeirudisha. Ilikuwa haijafunguliwa.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikulala vizuri. Asubuhi nimeamka na dawa yangu. Bado ni nzito, ndiyo shida. Inakandamiza gamba, inachimba, ndiyo maana inazunguka. Nimetoa sponji ya kiti. Nimetoa kava la mkia. Nimetoa kila kitu ambacho mama wa kofia hawezi kukataa.

Amirali akikasirika Kiswahili chake kinarudi dukani. "Wewe hapana sikia! Mimi nasema miaka mbili, wewe hapana sikia!" Watu wakageuka. Nikafunga kofia ya chuma ili nisisikie zaidi.

Nitaandika ukweli hapa kwa sababu hapa ni mimi tu.

Nilikuwa nimeshaingia maili ya kupimiwa. Nyuma ikaanza kutembea kivyake. Kushoto, halafu kulia, halafu kushoto zaidi. Usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Nikaona milima kwa jicho la pembeni ambapo haikutakiwa kuonekana. Nikajua naanguka. Sikumwita Mungu wala marehemu mke wangu. Niliona Ndunge amekunja mikono ya shati, ana beseni na kitambaa, ananigeuza ubavu.

Nikafunga mafuta. Ikajinyoosha yenyewe. Sijui kwa nini.

Mia moja sabini na moja.

Niliogopa. Glavu sikuzivua. Nimemwambia Amirali ni plagi, silinda ya tatu ilikata. Akatoa plagi zote nne, akaziangalia moja moja juani. Zilikuwa safi, rangi ya kahawa ya maziwa, kama zinavyotakiwa. Akazirudisha. 

Zimebaki siku mbili. Nisipopita, nimeapa.

Na nikianguka?

Nimekula ugali bila kuonja.

Jumamosi, 17 Agosti

Upepo. Njia imefungwa tangu asubuhi. Hema zinapiga makofi. Chumvi inaingia kwenye meno.

Nimekaa kutwa nyuma ya gari nikinyoosha kishikio cha ekzosi juu ya reli. Kilipinda jana. Nikawa nakumbuka Magadi. Kule kulikuwa na tarishi mmoja, alibeba magunia ya magadi kwenye kariya ya nyuma, moja kila safari. Sisi wote tukiteleza kwenye njia ya unga unga, yeye hakuteleza. Tulisema ana dawa ya mganga. Hata tulimwogopa kidogo. Miaka yote hii nimeamini ilikuwa dawa.

Lilikuwa gunia.

Nimeacha nyundo. Nimetazama reli. Matundu mawili ya bolti. Nimepima kwa kiganja, nikaenda kupima nafasi ya chini ya kiti, pale nilipotoa kava la mkia. Kana kwamba yalitobolewa kwa ajili ya fremu ile.

Nimemwita Amirali. Nimemwambia nina wazo. Wazo langu mwenyewe. Tufunge uzito nyuma ili gurudumu lishike.

Alinitazama. Nilimwona akimeza kitu, sijui ni matusi au kicheko. Halafu akasema, "Wazo zuri sana, Fundi. Umelipata wapi?" Nikasema nimelipata kichwani. Akaenda kuleta spana.

Tumetoboa fremu sehemu mbili za mwisho. Bolti nne nene, mbili kwenye matundu ya reli na mbili pembeni za kubana vibao vya chuma juu na chini, nati za kujifunga. Kuinua reli tumeinua wote wawili, wazee wawili, tunahema kama tabo. Nilipoikaza nati ya mwisho niliweka mkono juu yake. Chuma kilikuwa cha moto. Ni kile kile nilichoapia.

Mama wa kofia amekuja. Akashika reli kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye gurudumu, akaivuta kwa nguvu zake zote. Pikipiki nzima ilitikisika, reli haikutikisika. Akauliza ni nini. Amirali akamweleza, nikasikia neno Afrika na neno treni. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama mimi, akaweka stika.

Upepo umetulia jioni. Kesho ndiyo siku ya mwisho.

Nimekagua nati zote tena.

Jumapili, 18 Agosti

Kabla ya jua Amirali alitandika mkeka wake kando ya gari akaomba. Mimi nilisali nimesimama, nimeshika usukani. Tulimaliza pamoja. Hatukutazamana.

Foleni ilikuwa ndefu. Jua likatoka, nikachemka ndani ya suti ya ngozi. Goti la kulia lilianza kusema. Kila aliyeondoka mbele yangu niliona anakuwa doa, halafu anakuwa hakuna. Nilitamani injini igome. Nimeandika, sifuti. Nilitamani injini niliyoijenga mwenyewe igome.

Haikugoma. Najua kujenga.

Amirali alinifunga mkanda wa kofia. Akasema, "Fundi, ukiona haifai, funga mafuta. Mia mbili si Kaaba wala Yerusalemu." Nikamwambia aondoke njiani.

Nikaondoka. Ilikuwa nzito kuondoka, kama imebeba mtu. Gia ya pili. Ya tatu, tabo ikapiga filimbi, nikangoja mkia ucheze. Haukucheza. Ya nne. Haukucheza. Nilihisi gurudumu la nyuma linauma chumvi kama meno. Kila nguvu niliyoitoa ilikwenda chini, hakuna iliyopotea. Gia ya mwisho nikalala juu ya tangi, kidevu chini.

Kelele ikaisha. Sijui niseme vipi. Kelele ilibaki nyuma. Mbele palikuwa na mstari mweusi kwenye chumvi na mstari ulikuwa unaniingia mdomoni. Kofia ilitaka kung'oka na kichwa. Pikipiki haikuyumba hata unywele. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko Ijumaa. Ijumaa nilikuwa na kazi ya kufanya, nilikuwa napigana nayo. Leo ilienda tu. Sikuwa na la kufanya ila kushika na kungoja. Ningeweza kufunga mafuta. Vidole vilitaka. Niliona nguzo ya kwanza ya macho ya umeme. Nilihesabu pumzi. Niliona ya pili.

Nikafunga.

Ilichukua muda mrefu kusimama. Nikashuka, goti likakataa, nikakaa chini kwenye chumvi. Amirali alipofika na gari alidhani nasujudu. Alisimama mbali kidogo, kwa heshima. Nikaacha adhani hivyo.

Karatasi aliichukua yeye. Alirudi anatembea polepole nikajua tumekosa. Akanipa. Hakuweza kusoma kwa sauti, miwani imejaa machozi.

Mia mbili na tatu.

Nilipiga kelele kwa Kikamba. Mama wa kofia alikuja kunishika mkono. Watu wa hema la jirani walileta soda, hii nimekunywa.

Alhamisi, 22 Agosti

Toronto. Joto na mvua kidogo. Njia nzima Amirali anaongea. Mwaka ujao pistoni mpya, tabo kubwa zaidi, mia mbili na ishirini. "Tumeanza tu, Fundi!" Nikasema mia mbili na ishirini ni kidogo, tuandike mia mbili na thelathini. Mdomo wangu huwa hauniulizi.

Pikipiki tumeishusha hapa nyumbani, banda la nyuma, niisafishe chumvi. Ndunge alikuwa mlangoni na nguo za kazini. Nikampa karatasi. Akaisoma. Akanishika mashavu yote mawili akageuza shingo yangu kulia, akageuza kushoto, taratibu, kama anavyowafanyia wale wazee wake. Halafu akasema, "Hongera, Baba." Akaenda kazini.

Ndiyo hivyo. Kiapo ni kiapo.

Jumapili, 25 Agosti

Nimesimama kanisani kutoa shukrani. Nimewaambia mia mbili na kumi. Mchungaji alisema Amina. Mjukuu akamgeukia mama yake akanong'ona kwa Kiingereza, nadhani alisema namba ya kweli. Ndunge akatazama kitabu cha nyimbo.

Vijana wameniuliza mwaka ujao itakuwa ngapi. Nimewaambia.

Ndunge anatunza kiapo. Hasemi neno la pikipiki. Anaongea bei ya nyanya, anaongea shule, anaongea mzee wa chumba cha mwisho anayeimba. Pikipiki iko hapo bandani, anapita pembeni yake kwenda kuanika nguo kama anapita jiwe. Zamani nilikuwa na mtu wa kubishana naye. Aliniambia usiende, nami nikasema naenda, na hapo nilijua mimi ni nani. Sasa hakuna anayeniambia usiende.

Nikilala naona ule mstari mweusi unaniingia mdomoni.

Sitaki kupanda tena. Haya, nimeandika. Nilipita mia mbili, hakuna wa kunikataza, na sitaki. Ningeshindwa, kiapo kingenizuia na hakuna ambaye angeniita mwoga. Nimeshinda, sina pa kujificha.

Kumwambia Amirali nimeogopa, hiyo sahau. Bora nife.

Jumatano, 28 Agosti

Amirali amepiga simu. Ameshaulizia pistoni. Nimesema vizuri sana. Nimekata simu, nikakaa ngazini muda.

Jumamosi, 31 Agosti

Asubuhi baridi kidogo, ya kwanza. Nimeosha pikipiki mara ya mwisho na maji moto, chumvi yote imetoka. Nimeipaka mafuta.

Nikafungua bolti nne. Nati ziliuma kwa kutu, nikazipa mafuta, nikangoja, zikalegea. Reli nimeishusha peke yangu. Nimeibeba mpaka chini ya nyumba, ngazi kwa ngazi, nikapumzika katikati. Nimeirudisha kwenye benchi, mahali pake, kwenye alama yake ndani ya vumbi.

Ndunge alikuwa jikoni. Alisikia ilivyotua.

Nimempigia Amirali mwenyewe. Nimemwambia reli nimeifungua. Nina kazi nyingi hapa nyumbani, siwezi kukaa bila fuawe. Na pikipiki bila reli hii haiendi, yeye mwenyewe ameona. Chuma kingine hakitafaa, hiki ni cha Magadi. Nimesema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyetaka kuulizwa.

 Nilisikia gereji nyuma yake, mtu anapiga nyundo. Nilijua anafikiria zile plagi nne, rangi ya kahawa ya maziwa.

Akasema, "Kazi kwanza, Fundi. Jumatatu uje, kuna breki za lori zimenishinda."

Hazijamshinda. Nimesema nitakuja kumwonyesha.

Baadaye Ndunge akashuka ngazi. Ana kibao cha kuwekea mguu cha kiti cha magurudumu, cha yule mzee anayeimba. Kimepinda, kazini wamesema kitupwe. Aliangalia benchi. Aliangalia reli. Akaweka kibao juu yake, akashika upande mmoja kwa mikono miwili ili kisicheze.

Nikachukua nyundo.

Kimenyooka. Kesho nitakipiga rangi.